Nilivyokifuata Kilimia kwa Stellarium

Swali lililonifanya niiweke Stellarium kwenye laptopu lilikuwa moja tu: Kilimia, lile kundi dogo la nyota, huenda wapi mwezi wa Mei? Mjomba wangu ni mvuvi wa Pangani, na tangu utotoni nimemsikia akisema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Nilitaka nijue kinazama lini na kinazuka lini, tarehe kwa tarehe, halafu nione msemo na anga vinakutana wapi.

Stellarium ni programu ya anga, na ile ya kompyuta haiuzwi. Ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabien Chéreau, na hadi leo inaendelezwa na watu wanaojitolea. Inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Faili lake ni kubwa, mamia ya megabaiti, kwa hiyo nililipakua mjini kwa rafiki mwenye intaneti nzuri nikalibeba kwenye flashi. Ikishakaa kwenye mashine haikudai bando tena: Jua, Mwezi, sayari na nyota zaidi ya 600,000 zimo humo humo. Intaneti inahitajika kwa vitu kama setilaiti, ambazo njia zake hubadilika na lazima taarifa zake zifanywe upya mara kwa mara. Mimi nilikuwa na shida na Kilimia, na Kilimia hakibadiliki hivyo.

Cha kwanza kabisa ni mahali. Usipoiambia uko wapi, inabahatisha kwa kufuata mtandao, na mtandao wa simu unaweza kukuweka Dar es Salaam ilhali umekaa Pangani. Bonyeza F6, ondoa alama kwenye sehemu ya kutafuta mahali kwa mtandao, kisha andika mwenyewe. Pangani iko karibu nyuzi 5.4 kusini na nyuzi 39 mashariki. Hakikisha umeandika kusini. Ukiacha kaskazini utaonyeshwa anga ya watu wengine. Saa za eneo ziwe za Dar es Salaam. Programu inahesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, hivyo 19:15 yake ni saa moja na robo usiku kwetu.

Mandhari inayokuja nayo ni ya kijiji cha Ufaransa, Guéreins, chenye miti pembezoni. Bonyeza F4, nenda kwenye mandhari, chagua ile ya bahari. Kwa mtu wa Pangani ni muhimu, maana upande wetu wa mashariki ni maji matupu mpaka upeo wa macho, na nyota ikizuka unaiona ikitokea chini kabisa. Kwenye dirisha hilo hilo kuna kipimo cha mwanga wa taa za mji, kutoka 1 hadi 9. Mjini weka namba kubwa. Kwetu nilishusha hadi 3, na skrini ikaanza kufanana na kile ninachokiona nikisimama nje.

Sasa Kilimia chenyewe. Kibonye F3 kinafungua sehemu ya kutafuta. Andika M45, ndilo jina lake katika orodha ya wanaastronomia. Programu itakipeleka katikati ya skrini na kukishikilia hapo, jambo ambalo halifai kwa kazi hii, kwa sababu tunataka upeo wa macho ndio utulie na nyota ndizo zitembee. Buruta anga kwa kipanya mpaka uelekee magharibi. Kisha weka tarehe 1 Aprili, saa 19:15, na ubonyeze kitufe cha =. Kila mbonyezo ni siku moja mbele, saa ile ile.

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Kila siku inayoongezeka nyota zote zinateremka kama nyuzi moja kuelekea magharibi. Mwanzoni mwa Aprili Kilimia kiko juu vizuri. Ikifika tarehe 25 kimebaki chini ya nyuzi kumi juu ya upeo, mwanga wa magharibi haujaisha sawasawa. Ukiingia Mei kimemezwa. Nikaendelea kubonyeza hadi 20 Mei, nikarudisha saa mchana, nikabonyeza A kuondoa angahewa na G kuondoa ardhi. Anga ikawa nyeusi mchana kweupe, Jua likiwa katikati ya nyota, na Kilimia kando yake kabisa, upande wa kaskazini, umbali wa nyuzi nne hivi. Jibu la swali langu lilikuwa pale: mwezi wa Mei Kilimia kinashinda mchana kutwa juu ya vichwa vyetu pamoja na Jua. Sijawahi kuona kitabu cha shule kikilionyesha jambo hili kwa uwazi namna ile.

Nilirudisha angahewa na ardhi, nikageukia mashariki, nikaweka saa 05:15, yaani saa kumi na moja na robo alfajiri, nikaendelea mbele. Katika wiki ya pili ya Juni Kilimia kinaanza kuchungulia kabla ya mapambazuko, na kufikia tarehe 15 kinazuka kama saa kumi na dakika 45, saa moja na dakika 45 hivi kabla ya Jua. Kinatokea kaskazini kidogo ya mashariki, karibu mahali pale pale ambapo Jua la Juni litachomoza baadaye. Tangu kionekane mara ya mwisho jioni mpaka kirudi alfajiri zinapita kama siku arobaini.

Ukiziweka tarehe hizo kwenye kalenda ya pwani, nusu ya msemo inasimama wima. Mwisho wa Aprili ni katikati ya masika. Juni masika yamekwisha na kusi inavuma. Kinazama kwa mvua, kinazuka kwa jua. Mwezi Novemba kinatokea mashariki wakati magharibi ikiingia, na huo ni wakati wa vuli.

Nilimpelekea mjomba laptopu.

"Shikamoo mjomba. Nimekiona Kilimia kinakojificha."

"Marahaba mwanangu. Nionyeshe basi."

Nilimbonyezea siku moja moja. Alipokiona kando ya Jua alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mvua inaonyesha wapi?" Nikamwambia haionyeshi, inajua nyota tu. Akasema basi programu haimpi nusu ya kwanza ya msemo. Kwake yeye ule ni ubashiri: mwaka ambao Kilimia kimezama kwa jua kali, masika yamekatika mapema, yeye huitegemea mvua kitakapozuka. Naona ana haki ya kuidai hoja hiyo, na Stellarium haiwezi kumjibu.

Kuna jambo lingine ambalo inaliweza. Nilirudisha mwaka hadi 1331, mwaka ambao msafiri Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa. Kwa kalenda ya siku hizi, Jua lilikuwa likikutana na Kilimia kama siku kumi mapema kuliko leo. (Tarehe utakayoiona kwenye skrini ni ya mwanzoni mwa Mei, kwa sababu kwa miaka ya kabla ya 1582 programu inatumia kalenda ya zamani ya Julius.) Siku kumi ni kidogo. Wazee wa karne ile nao walikuwa wakikipoteza ndani ya masika.

Kwenda ufukweni alfajiri, chagua usiku usio na mwezi na ubonyeze Ctrl pamoja na N ili skrini iwe nyekundu, macho yasiharibiwe na mwanga. Juni tulikwenda wote wawili. Mjomba alikiona kabla yangu, bila skrini, akanionyesha kwa kidole juu ya maji. Ukiwa Mombasa, Unguja au Mtwara tarehe hizi zinakufaa pia. Saa zitapishana kwa dakika chache tu, na mahali pako utapaandika kwenye F6.

Tumeanza daftari. Upande wa kushoto nimeandika tarehe za kuzama na kuzuka za miaka kumi ijayo kama programu inavyozitoa. Upande wa kulia mjomba anaandika hali ya hewa ya siku hizo.