Nilivyomhamisha paka wangu kutoka mchanga wa dukani kwenda maranda

Paka wangu anaitwa Chausiku, ni jike, wa ndani tu. Tunakaa gorofani Upanga hapa Dar, hana uani wala kichochoro cha kwenda kufukua, kwa hiyo tangu mdogo choo chake ni beseni lenye ule mchanga wa dukani, ule wa udongo unaoganda ukilowa. Ni mzuri sana sikatai, mkojo unakuwa donge unachota unatupa basi. Ila bei, maana unatoka nje na kuna kipindi unazunguka maduka yote hakuna, alafu vumbi. Mwanangu ana pumu, kila nikimimina mfuko mpya vumbi linaruka kama unga wa mashineni na yeye anaanza kukohoa. Hapo ndo nikaamua tunahamia maranda.

Kabla ya yote nikaongea na daktari wa mifugo maana kuna paka akikichukia choo anabana mkojo, na hilo sio la kuchezea. Kwa madume ndo hatari zaidi, njia ya mkojo ni nyembamba inaweza kuziba kabisa, ukimuona anachuchumaa anajikamua hakitoki kitu unamkimbiza hospitali saa hiyohiyo husubiri kesho. Chausiku ni jike lakini bado kila siku nilikuwa naangalia leo kakojoa au hajakojoa.

Sasa maranda, jamani sio maranda yoyote. Nilienda Keko kwa mafundi wa fanicha, fundi akaniuliza "Dada, una kuku wangapi?" nikamwambia ni ya paka, akacheka weee lakini akanisaidia vizuri tu. Nilimwambia nataka ya paina tupu isiyotiwa dawa, zile mbao za kuezekea zenye ukijani sitaki, ya plaiwudi na emdiefu sitaki maana zina gundi, na yasiwe yamefagiwa pamoja na vanishi. Ya mvule pia niliyaacha, vumbi lake linawasha na linasumbua kifua, na mi shida yangu ndo hiyohiyo kifua. Nikayaanika juani mpaka ile harufu kali ya utomvu ikapungua, nikachekecha huko nje mtoto akiwa shule, nimejifunga kitambaa puani. Vumbi likabaki chini nikatupa, na yale mapana magumu nikayatoa kwa mkono nikabaki na yale madogo laini. Hapa usione uvivu kabisa, paka asili yao ni paka mwitu wa nchi kavu za Afrika na Mashariki ya Kati, wamezoea kufukua kitu laini, ukimwekea vipande vinavyomchoma nyayo hakanyagi.

Kuhamisha kwenyewe nilinunua beseni la pili nikaliweka kando ya lile la zamani, palepale. La zamani sikuligusa, likabaki na mchanga wake. La pili nikaweka mchanga uleule kina cha vidole vinne hivi, juu nikanyunyiza maranda kiganja kimoja tu, na nikahamishia kidonge kimoja cha mkojo wake ili anuse ajue hapa ni kwake. Akalitumia. Basi kila nikiona ametulia naongeza maranda kidogo napunguza mchanga kidogo, sikuwa na ratiba, ratiba alikuwa nayo yeye. Dalili za kwamba hajapenda zinaonekana, anasimama kwenye ukingo, anakung'uta miguu, anakwaruza ukuta wa beseni badala ya kufukia, au anamaliza anaruka anaondoka bila kufukia kabisa. Nikiona hivo naacha hapohapo siongezi.

Tulipofika nusu kwa nusu ndo pakawa pagumu, siku moja akakojoa kwenye zulia la mlango wa bafuni. Sikumfokea, paka ukimfokea anajifunza kukuogopa wewe tu. Nilirudi nyuma, mchanga ukawa mwingi tena, tukakaa hapo mpaka akatulia ndo tukaendelea taratibu zaidi. Zulia nililifua kwa sabuni na siki. Naomba mnisikie hapa, msifute mkojo wa paka kwa jiki, ikikutana na mkojo inatoa hewa mbaya ya kudhuru mapafu, na Dettol usitumie kabisa, ni sumu kwa paka, anakanyaga alafu anajilamba.

Maranda hayagandi, kwa hiyo kazi imeongezeka kweli. Kinyesi natoa asubuhi na jioni, yaliyolowa yanabadilika rangi nayachota, na beseni zima namwaga mara kwa mara kuliko zamani naosha kwa sabuni ya kipande na maji mengi nakausha juani. Kutoa kila siku sio usafi tu, kile kinyesi kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma ambavyo vinahitaji siku 1 hadi 5 ndo viweze kuambukiza, ukiwahi kutoa unavikata kabla. Vimelea hivyo vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo wifi yangu alipokuja kukaa kwetu akiwa mjamzito nilimwambia wifi hili beseni ni langu mimi usiliguse hata ukiona limejaa. Na usimwage chooni, yataziba bomba, wala kwenye mboga. Mi nafunga kwenye mfuko yanaenda na taka.

Beseni la zamani nililitoa mwisho kabisa, baada ya kuona limekaa halijaguswa, ila mchanga kidogo nimeuweka kwenye kopo akija kugoma tena. Mtoto siku ya kubadilisha beseni hakohoi, hilo ndo nililokuwa nalitaka. Kinachobaki ni kwamba maranda yananasa kwenye manyoya anayatembeza mpaka sebuleni, nimetandika kipande cha mkeka mbele ya beseni naukung'uta asubuhi, yanayobaki nafagia.