Njoo Unuse

Jumatatu jioni, kwenye matatu ya 111 kutoka Karen, Nairobi, mama mmoja alifungua dirisha mara tu nilipoketi karibu naye. Sikumlaumu. Nilikuwa nimetoka kuchokonoa kwato nne za farasi, na ukwato mmoja ulikuwa umeoza.

Farasi mwenyewe tunamwita Chai, kwa rangi yake. Alikuwa wa mbio, akastaafu, sasa anabeba watoto wikendi. Farasi wa mbio ana ngozi nyembamba. Ukimsugua kama sufuria analaza masikio nyuma, na mkia unaanza kukuchapa. Kwa hiyo natumia kitana cha mpira, polepole, nikizungusha mabegani, mgongoni na mapajani. Usoni na miguuni sikipitishi, hapo ni mfupa mtupu. Vumbi likishapanda juu, brashi laini inalifagia kufuata manyoya yanavyolala. Pale mkanda wa tandiko unapopita, chini ya kifua, napapasa kwa mkono: tope kavu likibaki hapo na mkanda ukakazwa, umeshatengeneza kidonda. Kupe nao utawakuta kwenye mashina ya singa za shingoni na chini ya mkia.

Nakiri naipenda sana sehemu hiyo ya kazi. Wiki iliyopita, katikati ya mvua, nilimng'arisha Chai mpaka nikampiga picha. Mzee anayenifundisha akapita. (Huyu kazi ni ya ukoo: babake alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, uwanja wa mbio za farasi wa Ngong ulipofunguliwa mwaka 1954.) Manyoya hakuyatazama hata. Alisimama ubavuni, akateremsha kiganja kwenye mguu wa nyuma, Chai akauinua mwenyewe.

"Kijana, njoo unuse."

Mtaro ulioziba, juu yake samaki wa juzi. Ndivyo ulivyonuka.

"Umemvalisha suti mtu mwenye funza," akasema.

Chini ya ukwato kuna sehemu laini yenye umbo la pembetatu, ncha ikielekea mbele, na kandokando yake mifereji miwili. Humo ndimo tope na mavi hujazana, hewa inakosa kupita, kuoza kunaanza. Na udongo wetu ule mweusi, ukilowa, hung'ang'ania kama ugali kwenye mwiko. Nilikuwa nachokonoa, ndiyo, lakini mbiombio, bila kufika chini ya mifereji. Haraka zangu zilikuwa kwenye brashi.

Siku hizi naanza na kwato. Kijichuma cha kuchokonolea nakivuta kutoka kisigino kwenda mbele, kamwe si kinyume, maana kikiteleza kitachoma pale palaini. Kisha brashi, kitambaa kikavu, na kwenye ule mgonjwa, aiodini. Maranda yaliyolowa mkojo natoa asubuhi na jioni, mgongo ukiuma usiume. Fundi wa viatu vya farasi alikuja akakata palipooza. Kwa kawaida huja kila wiki sita hadi nane, kwa kuwa ukwato hukua kama ukucha, umevalishwa chuma au haukuvalishwa.

Jana Mzee alinusa tena, akauteremsha mguu, akaenda zake bila neno. Kwake hiyo ni sifa kubwa. Nilipogeuka kumwambia Chai, alikuwa ameshajigaragaza, tope kuanzia masikio hadi mkiani, na watoto wanafika saa nne.