Akamchukua Mtoto Usiku

Somo: Mathayo 2:13–15

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumamosi iliyopita tulikwenda akina mama sita kule Mwanga, Kigoma mjini, kumwona mzazi. Tulibeba vitu vyetu vya desturi: doti ya kanga, sukari, sabuni, na chupa ya uji wa pilipili manga. Njiani mmoja wetu akauliza, "Lakini huyu hakuzaa. Uji wa mzazi wa nini?" Hakuuliza kwa ubaya. Swali hilo wengi tulikuwa nalo moyoni, mimi mmojawapo, na tulitembea kipande kirefu bila mtu kumjibu.

Wenyeji wetu hao ni mume na mke kutoka Ulaya, na huu ni mwaka wao wa tano mkoani kwetu. Mtoto wamekabidhiwa wiki tatu zilizopita, ana miezi mitano. Nimesikia maneno mengi mtaani kwamba mzungu anashuka kwenye ndege, anachagua mtoto, anaondoka naye. Sivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, kisha akae na mtoto kwa malezi ya kambo huku afisa ustawi wa jamii akifuatilia, ndipo Mahakama Kuu iamue kama atamwasili, yaani awe mwanawe kisheria. Kwa hiyo bado wako njiani. Mtoto yuko mikononi mwao, karatasi bado.

Tulimkuta yule dada amekaa sakafuni jikoni, anasubiri chupa za mtoto zichemke kwenye sufuria. Mume wake alikuwa sebuleni, mtoto begani, anazunguka meza. Usiku kucha hawalali. Mtoto anaanza kulia saa nane na hanyamazi mpaka adhana ya alfajiri. Wamebadilisha maziwa ya kopo, wamebadilisha chuchu, wamempeleka zahanati wakaambiwa mtoto ni mzima kabisa. Kwao kuna bibi na mashangazi ambao wangekuja kushika zamu. Hapa wako wawili tu, na simu ya mbali haimbebi mtoto.

Nilipochuchumaa karibu naye ili nimsaidie kutoa chupa, akaniambia taratibu, "Mama, nimemsubiri mtoto miaka tisa. Sasa yupo, na moyo wangu hausikii kitu. Namhudumia kama mtoto wa mtu. Mungu atanisamehe?"

Sikuwa na jibu. Nilimshika tu mkono, wenye maji ya moto.

Aliyetusaidia ni yule mkubwa wetu kuliko wote, bibi aliyelea wajukuu wengi. Hakufungua Biblia. Alimpokea mtoto, akamtazama kwa muda mrefu. Mtoto alikuwa anaingiza pua kwenye kanga ya bibi, ananusa, halafu anageuza uso na kulia upya. Ananusa tena, analia tena. Bibi akauliza, "Aliyekuwa akimbeba kule makaoni alivaa nini?" Jioni ile ile wakapiga simu kwenye makao ya watoto, na kesho yake ikaletwa kanga ya mlezi, kuukuu, haijafuliwa, ina harufu ya moshi na sabuni ya mawese. Bibi akaagiza: msiifue. Mfungeni nayo mgongoni mkiwa mnafanya kazi, usiku mlazeni juu yake.

Lakini Jumamosi ile, kabla hatujaondoka, yule aliyeuliza njiani ndiye aliyemimina uji. Alimshikia yule dada kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Kunywa, mzazi."

Tangu siku hiyo nimekaa na Yusufu. Katika Injili zote nne hatusikii hata neno moja kutoka kinywani mwake. Malaika anapomtuma kwenda Misri hamwambii "mchukue mtoto wako". Anasema "umchukue mtoto na mama yake", na wakati wa kurudi anasema vile vile. Yusufu angeweza kusimama hapo na kusema, kumbe hata mbinguni wanajua huyu si wangu. Mathayo haandiki Yusufu alisikia nini moyoni. Anaandika: akaondoka, akamchukua mtoto na mama yake usiku, akaenda zake Misri.

Usiku! Ninyi mliolea mnajua usiku ni nini. Na sisi wa Kigoma tunajua zaidi. Mwaka 2015 ndugu zetu wa Burundi walipomiminika Kagunga, kijiji cha mpakani, meli ya MV Liemba ilikwenda na kurudi ikiwaleta mjini, na watu walishuka na watoto vifuani. Nani alisimama kuuliza kama kila mtoto ni wa damu ya aliyembeba? Aliyembeba ndiye aliyeitwa baba yake, akapewa maji.

Maandiko hayatuelezi zile siku za kwanza za Misri. Yusufu na Mariamu walikuwa ugenini, na mama mkwe hayupo. Lakini kuna mtu aliwafungulia mlango. Kuna mwanamke Mmisri, naamini kabisa, aliyemwonyesha Mariamu kisima kilipo. Halafu nendeni Luka 2:48. Mtoto ana miaka kumi na miwili, amepotea, amepatikana hekaluni, na Mariamu anamwambia, "baba yako na mimi tulikuwa tukikutafuta kwa huzuni." Baba yako. Kati ya "mtoto na mama yake" na "baba yako" kuna miaka ya kuamka usiku ambayo hakuna aliyeiandika.

Ndiyo maana nilirudi kwa yule dada Jumatatu nikamwambia: hujatenda dhambi, mwanangu. Unaamka. Umemwita jina. Yusufu naye alianzia hapo.

Na Paulo anaposema tulipokea roho ya kufanywa wana, ambayo kwa hiyo twalia, Aba, yaani, Baba, mimi huwa nafikiri juu ya kilio kile cha kwanza kabla ya "Aba". Siku nilipookoka sikujua kumwita Mungu Baba. Nililia nikitafuta harufu ya nilikotoka, miezi mingi, usiku. Hakunirudisha. Wala hakuninyang'anya kanga yangu siku ya kwanza.

Wiki hii tuwaombee hawa wawili, na afisa atakayewatembelea Alhamisi. Zamu ya kushika mtoto mchana bado ina nafasi Jumanne na Ijumaa, anayeweza aniambie.

Na tumwombee mama aliyemzaa. Yokebedi, mama yake Musa, alijua binti Farao anaishi wapi, na akalipwa mshahara kumnyonyesha mwanawe mwenyewe. Huyu wetu hajui lolote. Historia yake siijui na sitaiulizia. Lakini mkoa wetu si mkubwa hivyo, na ujumbe huu hupita simu nyingi. Kama ni wewe unasoma, dada yangu: mtoto anakunywa vizuri. Ameanza kucheka akipulizwa tumboni. Usiku wa kuamkia leo alilala saa tano mfululizo.