Kumbukumbu ya Namba 4: kumbe mchawi ni bushi

Bunduki yangu, Namba 4, imekubali! Jumamosi nimepiga risasi kumi mfululizo, mtutu umechemka haushikiki, na matundu yote kumi yamekaa ndani ya inchi tatu kwenye yadi 100. Kilengeo ni kile kile cha chuma, macho ni haya haya yanayohitaji miwani kusomea menyu, risasi zimetoka boksi lile lile. Kilichobadilika ni chini ya nusu milimita ya chuma, pamoja na vipande viwili vya mpingo. Naandika leo leo kabla sijasahau, na pia kwa sababu kwenye grupu letu la bunduki kuna watu walishanipangia mnunuzi wa kuichukua.

Kwa aliyejiunga juzi: bunduki yenyewe ni Lee-Enfield No. 4 Mk I*, Long Branch ya 1943, ya Kanada, mtutu wenye mifereji miwili ya kuzungusha risasi kwa ndani. Namba ya bolti (komeo linalofunga risasi chumbani) na ya bodi (chuma kinachobeba mtutu na bolti) zinalingana. Mbao zote ni za kijeshi, hazijakatwa, na hilo ndilo lililonifanya nisibishane sana na bei kwenye maonyesho ya bunduki hapa Ohio. Wanaotafuta mnajua: baada ya vita ziliuzwa Marekani kwa bei ya karanga, watu wakazikata mbao ya mbele zipungue uzito wa kuwindia kulungu. Kuipata nzima siku hizi ni bahati.

Sasa tatizo. Risasi tatu za kwanza, mtutu ukiwa baridi, zinakaa pamoja vizuri kabisa. Ya nne inapanda. Ya tano inapanda zaidi. Ukifika ya nane uko nje ya duara jeusi, juu kule kwenye maandishi ya karatasi. Kulia na kushoto hakuna ugomvi, upana inchi mbili tu. Urefu inchi nane, siku nyingine tisa. Yaani matundu yanapanda ngazi. Ukiiacha ipoe nusu saa, inarudi chini na kuanza upya kama hakuna kilichotokea.

Grupu likapata kazi. Jamaa wa Bukavu, ambaye kwake dunia yote ni Mosin-Nagant, ile bunduki ya Kirusi, akaanza: "Mzee, achana na Waingereza. Mosin unaitupa mtoni, unaiokota mwakani, inapiga." Nikamjibu, inapiga ndiyo, lakini inapiga wapi? Kijana wa Eldoret akasema, "Buda, uza hiyo mbao ununue AR uweke darubini, upumzike." AR ni bunduki ya kisasa ya Kimarekani. Huyu simlaumu, kwake bunduki ni kifaa kama simu, ikichoka anabadilisha sehemu. Wa tatu akasisitiza kwamba tatizo ni mimi: nachoka, bega linaanza kuogopa teke, naikwepa. Hiyo iliniuma kidogo, kwa hiyo nikampa bunduki yeye mwenyewe apige. Zikapanda ngazi ile ile. Akanyamaza.

Nilianza na mambo rahisi. Nilibadilisha risasi, nikatoka kwenye za kiwanda kwenda kwenye za kujaza mwenyewe, kichwa cha uzito wa greni 174 (gramu 11 na kidogo) chenye kitako bapa (mitutu hii ya mifereji miwili haipendi vichwa vilivyochongoka nyuma, angalau huu wangu haupendi). Ngazi iko pale pale. Kichwa cha bolti kimepimwa kwa geji, kizima. Kilengeo cha mbele hakichezi kwenye reli yake. Cha nyuma ni kile cha kukunjuka, yadi 300 na 600, hakina hata cha kulegea.

Basi ni mbao. Waliowahi kuhangaika na Namba 4 wanajua sheria: mtutu ukae imara kwenye mbao pale unapoanzia, mbele ya bodi, kisha uelee peke yake njia yote bila kugusa kitu, halafu mbao iusukume juu kule mdomoni kwa nguvu ya paundi mbili hadi saba. Kilo moja hadi tatu na kidogo. Mafundi wa jeshi walikuwa na kifaa chao cha kupimia. Mimi nimetumia mizani ya kupimia begi la safari, ile kila Mwafrika anayo kabatini kwa ajili ya kilo 23 za ndege. Unabana bodi kwenye jiliwa, unachomeka ukanda wa karatasi kati ya mtutu na mbao pale mdomoni, unapitisha mkanda wa mizani chini ya mtutu, unavuta juu taratibu hadi karatasi ichomoke. Namba unayosoma hapo ndiyo nguvu yenyewe.

Yangu ilisoma sifuri. Karatasi ilichomoka kabla sijagusa mizani.

Watu wengi hapo huishia kukata kadi ya zamani ya benki na kuipachika mdomoni kama kabari. Nimepachika, na kwa risasi tano ilikuwa raha tupu. Baada ya hapo matundu yakaanza kutangatanga, safari hii hata upande. Na ndipo nilipoanza kukasirika kwa namna inayofaa, kwa sababu kabari ingekuwa dawa ingebaki dawa hata kwenye joto. Kama nguvu ya mdomoni inabadilika kati ya risasi moja na nyingine, maana yake ni kwamba mbao yote inatembea. Na mbao inayotembea, imelegea nyuma. Huwezi kutibu mbele.

Nikashika mbao kwa nyuma, karibu na magazini, nikaitikisa. Inacheza! Kidogo mno, unaisikia kwenye kidole zaidi ya kuiona. Lakini skrubu kuu ya mbele ya kinga ya triga imekazwa hadi mwisho, haiendi hata robo ya robo. Hapo nilikwama kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri kwenye grupu. Skrubu imekaza, mbao imelegea, na katikati yake hamna kitu kingine.

Kumbe kipo. Ndani ya lile tundu la skrubu kuna bushi, kijibomba kidogo cha chuma, inapita katikati ya mbao. Kazi yake ni kuzuia mtu mwenye nguvu nyingi asiiponde mbao anapokaza. Mwaka 1943 bushi na mbao vilikuwa na kimo kinacholingana. Mbao imekauka miaka themanini, imesinyaa, bushi haikusinyaa. Nimepima kwa vanea, kile kipimo cha milimita: bushi inaizidi mbao kwa milimita 0.4. Kwa hiyo ukikaza skrubu, kinga inakalia bushi, bushi inakalia bodi, chuma kinabana chuma, na mbao iko hapo inatazama tu. Unaweza kukaza hadi ukate kichwa cha skrubu, mbao haitajua.

Kuifupisha ni kazi ya subira. Tupa sikuitumia, maana tupa mkononi daima inalalia upande mmoja na bushi iliyokatwa mshazari ni balaa jingine. Nimeweka msasa wa 400 juu ya kipande cha kioo, nikasugua bushi kwa kuizungusha namba nane, naigeuza, nasugua tena, naifuta, naipima, nairudisha, nafunga, natikisa mbao, nafungua. Unataka kinga ianze kuibana mbao kwanza, halafu skrubu igonge mwisho wake ikiwa imebaki chembe ya mzunguko. Ukipitiliza, bushi haina tena kazi na utaiponda mbao.

Na kuna mtego ambao wengi hawausemi. Kwenye Mk I na Mk I*, triga inaning'inia kwenye kinga. Kwa hiyo ukifupisha bushi, kinga inapanda, triga inasogea karibu na ulimi wa kufyatulia, na ile hatua ya kwanza ya kuvuta inapungua. Ni lazima uhakikishe hatua zote mbili bado zipo kabla hujaweka risasi ndani. Triga iliyobaki na hatua moja kwenye bunduki hii si ya kuchekea. Yangu ilibaki sawa, hatua ya kwanza imekuwa fupi kidogo tu. Ndiyo maana kwenye toleo la Mk 2, baada ya vita, Waingereza waliihamisha triga wakaitundika kwenye bodi yenyewe, mbao ivimbe au isinyae haijali. Huwa nawawaza wanaume wa Keya (King's African Rifles) mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikishuka bonde la Kabaw kule Burma hadi Kalewa, mvua inanyesha juu ya matope ya jana, na kila mmoja bunduki yake ya mbao begani. Mafundi wao walikuwa wanalala saa ngapi?

Bushi peke yake ilitoa uchezaji wa juu na chini. Ukabaki wa mbele na nyuma. Nyuma ya dirisha la magazini, kulia na kushoto, kuna vibega viwili vya mbao vinavyobeba teke lote. Vyangu vimelowa mafuta na kupondeka, vina rangi ya tope. Vikipondeka, bunduki inarudi nyuma ndani ya mbao kila unapopiga, na mwisho mbao inagonga kikombe cha kitako, kile chuma kinachoshika mbao ya begani, na kupasuka. Yangu ilikuwa imeanza mpasuko mwembamba kama unywele pale.

Wamarekani hapa wanatia viraka vya mti wa mepo. Mimi nilikuwa na sanamu ya Kimakonde iliyovunjika shingo wakati wa kuhama nyumba, na tako lake ni mpingo mweusi tii. Mpingo unazama majini, unachongewa zumari na klarineti, haupondeki kwa teke la risasi ya .303 ya bunduki hii. Nimekata vipande viwili, nyuzi za mti zikielekea mbele na nyuma ili ncha za nyuzi ndizo zipokee chuma. Angalizo: mpingo una mafuta yake ya asili, gundi ya epoksi haishiki hadi uupanguse kwa asetoni na kubandika papo hapo. Na unakula patasi. Nimenoa patasi moja hadi nikaiona imefupika.

Kulinganisha kiraka na chuma nimetumia masizi. Wenzetu wananunua rangi maalumu ya kopo kwa bei ya ajabu. Koroboi ya kopo la nyanya inatoa masizi ya bure ya kutosha mwaka mzima. Unapaka chuma, unaingiza mbao, unatoa, palipoguswa pana alama nyeusi, unakwangua hapo tu. Fanyeni nje. King'ora cha moshi cha nyumba za huku hakijui koroboi ni nini, na mke wangu hakukubali maelezo.

Ilipofika mahali mbao haiingii tena kwa kusukuma, inataka kugongwa kwa kiganja hadi ikae, nikajua tumefika. Nimefunga kila kitu, kadi ya benki imerudi droo, mizani ikasoma kilo 2.1 bila kabari yoyote. Vibega vilipokaa mahali pake, mbao yote iliinuka kwa mbele yenyewe.

Maneno mawili ya vifaa. Bisibisi ya kawaida yenye ncha ya mshazari ni adui wa skrubu hizi. Chonga ncha iwe bapa ijae mfereji wote, au nunua iliyochongwa hivyo. Kimashine cha kuzungusha cha mkononi, kile cha kuchongea kila kitu, kifungieni mbali na mbao ya zamani. Na bado naondoa mbao ya mbele kabla ya kugusa bolti ndefu ya kitako. Kwenye Namba 4 si lazima, ila kwenye Namba 1, Lee-Enfield ya kabla yake, ncha ya mraba ya ile bolti inaingia kwenye mbao na ukiizungusha unaipasua, kwa hiyo heri mkono uzoee njia moja. Risasi za zamani za jeshi, zenye fataki zinazoacha chumvi ndani ya mtutu, mtutu oshea maji ya moto ya birika kwanza, mafuta baadaye. Mafuta hayayeyushi chumvi.

Mpango ulikuwa niendelee na mafuta ya kitani kwenye mbao, kisha nitafute klipu nzuri za risasi tano tano, kisha niupime upya mpasuko wa kule nyuma. Lakini jana jamaa wa Bukavu, yeye yule wa Mosin, katuma picha ya Mauser ya 1871 inayouzwa saa mbili kwa gari kutoka kwangu. Milimita 11, baruti nyeusi, risasi moja moja. Ndiyo hiyo ambayo askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, bado walikuwa nayo vita vilipoanza 1914, ukipiga moshi unakutangaza kijiji kizima, hadi Waingereza waliposhindwa Tanga, mwezi wa Novemba, wakawaachia bunduki za kisasa na risasi 600,000. Na kwa sheria ya hapa, iliyotengenezwa kabla ya 1899 ni kitu cha kale, haipitii makaratasi ya duka.

Kijana wa Eldoret kashaandika, "Buda, hiyo hata magazini haina." Nimeshamwomba muuzaji picha ya ndani ya mtutu na ya uso wa bolti. Mafuta ya kitani yatasubiri.