Nilivyoielezea begonia mpya ya mawe ya chokaa bila kuikimbilia DNA

Kama kuna ushauri ulionichosha tangu nianze kushughulika na begonia, jamii ya mimea ya maua, ni huu: "Chukua kipande cha jani, peleka maabara, DNA itakwambia kama ni spishi mpya." Wengi wanaousema hawajawahi kukata ovari ya begonia (sehemu ya ua jike inayogeuka tunda) hata moja. Mimi spishi yangu imeshachapishwa, jina lake lipo, na kilichoamua kesi ni tunda.

Mimi ni mtu wa Tanga, na masomo ndiyo yaliyonileta Guilin, jimbo la Guangxi, kusini mwa China. Wa kwetu hatushangai kuambiwa mawe ya chokaa yanaficha mimea. Kwenye miamba ya chokaa karibu na Tanga ndiko Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alikokuta lile ua dogo la zambarau mwaka 1892, mtaalamu wa mimea Wendland akalipa jina la Saintpaulia mwaka uliofuata, na leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani. Guangxi hali ni hiyo hiyo, ila vilima ni vingi mno, na kila kilima ni kama kisiwa peke yake. Mvua ikinyesha maji yanapenya chini mara moja, udongo unabaki kiganja kimoja kwenye ufa, na mmea uliozoea kilima hiki haufiki kwa urahisi kile cha jirani. Ndiyo maana begonia inaweza kuishi kwenye mdomo wa pango moja na isionekane kwingine.

Yangu niliikuta hivyo, kwenye pango upande wa mpaka wa Vietnam, pale ambapo mwanga wa jua umeshapungua lakini giza halijashika. Vibali na kuzungumza na wenyeji wa kijiji sivielezi hapa. Huo ni utaratibu wa kawaida na bila huo usiguse hata jani.

Sasa jani lenyewe. Kwenye ukuta ule ule palikuwa na mimea yenye mstari wa fedha katikati ya jani, na mingine kijani kitupu. Majani machanga yana malaika (vinyweleo laini) tele, makubwa yamekuwa karibu laini. Mtu mwenye haraka angeandika spishi tatu. Halafu kuna kulinganisha na zilizokwisha kujulikana. Orodha kubwa ya mimea ya China, juzuu la 13 la mwaka 2007, ina begonia 173, na tangu hapo zimeongezwa nyingi. Begonia ferox, kwa mfano, ile ya Longzhou, huku huku Guangxi, yenye vivimbe vyeusi vilivyochongoka jani zima, imeelezwa mwaka 2013, humo huikuti. Kwa hiyo soma maelezo ya awali ya kila spishi inayokaribiana na yako, na utazame sampuli zenyewe, usiishie kwenye kitabu kimoja.

Kukausha sampuli nako kuna ushauri mbovu. "Bana kwenye magazeti, badilisha kila siku." Kwa nyasi, sawa. Begonia imejaa maji. Nilifuata maelekezo hayo neno kwa neno msimu wa mvua, na vikonyo vikaoza, majani yakapukutika kwenye maungio, na maua yakagandamana na wino wa gazeti. Dawa yake ni kuua mmea kwanza. Chovya shina na vikonyo kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache, maua yakiwa nje ya maji, kisha ndiyo ubane. Maua yafungie kwenye karatasi laini za msalani na usizifungue mpaka yakauke kabisa. Mengine weka kwenye spiriti ya asilimia 70, maana ua lililobanwa halikuonyeshi tena lilivyokaa. Rangi piga picha siku hiyo hiyo. Zikikauka zote zinakuwa kahawia.

Lakini kazi ilikuwa tunda. Begonia ina maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja, na kwa kawaida dume hufungua mapema. Pangoni nilikuta dume tupu. Niliporudi, majike yalikuwa yameshaanguka bila kushika. Bila ovari huwezi kusema mmea ni wa kundi gani: ukiikata kwa wembe katikati, ama unaona vyumba viwili vitatu na mbegu zimeshika mhimili wa kati, ama unaona chumba kimoja na mbegu zimejipanga ukutani. Hii ya pili ndiyo alama ya Coelocentrum, kundi la begonia za mapango ya chokaa za huku.

Nilikuwa nimechukua majani machache tu, kwa sababu jani la begonia likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu linatoa mmea mzima. Nikachanganya kokoto za chokaa kwenye vyungu, ikakubali. Tatizo likawa lile lile: dume linamwaga chavua, limekwisha, ndipo jike linafungua. Nikamwendea mzee anayetunza banda la mimea.

"Mzee, maua yangu hayakutani."

Akavitazama vyungu, akasema, "Usiviweke pamoja. Kimoja peleka kule kwenye joto, kingine kiache kwenye baridi."

Nilitamani kumkumbatia! Chungu cha kwenye joto kikatangulia kuchanua, cha kwenye baridi kikachelewa, na dume la kile cha pili likakuta jike la kile cha kwanza liko tayari. Kwa tahadhari nikatunza pia chavua kwenye bahasha ya karatasi ndani ya friji, pamoja na vidonge vya kunyonya unyevu. Nikapaka kwa brashi ndogo kwenye ncha za jike, zile za manjano zilizojisokota. Porini mdudu huja akidhani ni dume lenye chavua. Ua jike halimpi kitu.

Matunda yakashika. Nilipokata la kwanza na kuona chumba kimoja, mbegu zimepanga ukutani, na mabawa matatu yenye umbo ambalo jamaa zake wa karibu hawana hata mmoja, nilijua ninayo. Kwenye makala nikaandika wazi kwamba vipimo vya tunda vimetoka kwenye mimea ya chungu.

DNA tulipima, ndiyo, na ndiyo iliyokula hela, yuan elfu na kitu, vingine vyote vilikuwa vya bei ya chai. Ilionyesha ukoo. Mpaka kati ya spishi na spishi haikuuonyesha, kwani begonia huchanganyika kirahisi na DNA ya kloroplasti, zile chembe za kijani za jani, inasimulia upande wa mama tu.

Kuandika ni kwepesi kuliko watu wanavyotisha. Tangu Januari 2012 maelezo yanakubalika kwa Kiingereza badala ya Kilatini, na chapisho la PDF linahesabika likitimiza masharti. Sampuli kuu, ile ambayo jina la spishi limefungwa kwake, ipo hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Guilin, na lazima makala iseme iko wapi.

Mimea iliyokomaa niliyoihesabu haikufika 50, na kwa vigezo vya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, hilo peke yake linaiweka daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Kwa sababu hiyo nilikataa kabisa jina la mahali. Nilishauriwa niipe jina la pango, "ndiyo desturi". Desturi hiyo inawaelekeza wezi wa mimea hadi mlangoni! Nikachukua jina la umbo la tunda, nikaandika wilaya tu, vipimo kamili vya mahali vikabaki hebaria kwa mtafiti atakayeviomba. Mhariri alikubali bila kuuliza swali.