Mota inayochemka kila alasiri

Msimamizi wa uzalishaji anataka nipandishe kiwango cha joto kinachowasha alamu ya mota. Sikipandishi. Nimemwambia hivyo, kwa heshima maana ni mkubwa wangu kwa umri: "Papa, tukiinyamazisha hii, mota itaungua bila kutuambia."

Mashine yenyewe inafunga unga wa mahindi, hapa Kampemba upande wa viwanda. Mota ya servo (mota inayoongozwa kwa usahihi mpaka mahali inapotakiwa) inayopandisha na kushusha taya za kubana mifuko imekuwa ikijizima kwa joto kila alasiri. Ni mwezi wa kumi Lubumbashi, mvua bado, kwa hiyo wote walilaumu jua, wakaletea mota feni ya mezani. Jua lina sehemu yake, sikatai. Kwa kawaida mota hizi hupimiwa uwezo kwa hewa ya nyuzi 40 na mwinuko usiozidi mita 1,000. Sisi tuko kwenye mita 1,200 hivi, na hewa nyepesi huondoa joto kidogo. Tena vumbi la unga lilikuwa limeivika mota blanketi. Tulipangusa, joto likashuka kidogo tu.

Kilichonisumbua ni mkondo wa umeme. Ndani ya nyaya za shaba, mkondo ukiwa maradufu joto huwa mara nne. Draivu, kifaa kinachoilisha na kuiongoza mota, ilionyesha mota inavuta mkondo mwingi hata taya zinaposhuka, wakati uzito wake ulipaswa kuisaidia. Ikisimama haikuvuma wala kutetemeka, kama ingekuwa kosa la mipangilio ya draivu, basi mipangilio hiyo nikaiacha. Kuna kitu kilikuwa kinaishika.

Kijana ninayemfundisha kazi ndiye aliyeniuliza, "Yaya (ndivyo huku tunavyomwita mkubwa), breki inafunguka kweli?" Nilifurahi sana kumsikia. Breki ya ndani ya mota hushika taya umeme usipokuwepo, na hufunguka koili yake ikipata volti 24. Kwenye kabati tulipata 24. Kwenye plagi ya mota, 19. Kebo ni ndefu na nyembamba, na katikati ina kiungo kilichofungwa utepe, shaba yake imeota kutu ya kijani. Asubuhi, koili ya breki ikiwa baridi, volti hizo zinatosha. Ikipata moto, ukinzani wake unapanda, inavuta kwa unyonge, na breki inaanza kusugua. Msuguano unaongeza joto, joto linaidhoofisha koili zaidi. Ndiyo maana ilikuwa alasiri.

Kinachoniuma ni kwamba mota mpya ilikuwa karibu kuagizwa. Ingengoja forodha mpakani Kasumbalesa, vibarua wakae nyumbani bila malipo, kisha ifungwe kwenye kebo ileile. Na hii ya zamani bado haijafa: tumepima uhami wake, yaani kinga inayozuia umeme kuvuja kwenye nyaya zake, ni mzuri, ingawa kwa hesabu ya mafundi kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri wa uhami karibu nusu.

Kesho tunavuta kebo nene, bila kiungo. Breki nitaifungua nione unene wa bitana yake, ile sehemu inayosugua; imesuguliwa muda mrefu, na taya zile zikianguka umeme ukikatika, mikono ya watu iko chini yake. Mpaka niione, mashine haiwashwi.