Shambulio linapomjenga mtawala, na linapomng'oa

Cha kutazama kwanza ni nani kauawa. Huko Beslan, Urusi, Septemba 2004, magaidi waliteka shule, wakafa watu zaidi ya 330, wengi wao watoto. Siku 10 baada ya utekaji kuisha, Putin akatangaza kufuta uchaguzi wa magavana: atawapendekeza yeye, mabunge ya mikoa yaidhinishe. (Kura ya gavana na ulinzi wa shule vinahusiana vipi, sijui nani alieleweshwa.) Kura hizo zilirudi 2012.

Raia waliofiwa hawana bunduki; kikosi kilichofiwa kinazo. Burkina Faso, Luteni Kanali Damiba alipindua serikali Januari 2022 akiahidi usalama. Septemba 26, msafara wa malori ya chakula kwenda Djibo ukavamiwa Gaskindé, wanajeshi 27 wakauawa. Siku 4 baadaye Kapteni Traoré akamng'oa.